Hesabu ya Saa katika Kiswahili

Mara nyingi huulizwa kama mila za kale zaweza kukaa pamoja na mambo ya kisasa, au kama moja halina budi kulifukuza jingine. Swali hili likijadiliwa kwa maneno matupu halina mwisho. Afadhali tulipime kwa jambo moja ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulitenda kila siku, nalo ni kuhesabu saa.

Kwa desturi ya Pwani siku huanza jua linapokuchwa. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Ndiyo maana wazee wa Pwani wasemapo "usiku wa Ijumaa" hukusudia usiku ule utanguliao mchana wa Ijumaa, ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Saa za usiku huhesabiwa tangu magharibi, na saa za mchana tangu macheo, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hesabu hii yapatana na nchi yenyewe. Mji wa Zanzibar uko kama digrii 6 tu kusini ya Ikweta, na huko mchana mrefu kabisa wa mwaka hauupiti ule mfupi kabisa kwa saa nzima. Lakini katika London mchana mfupi wa Desemba haufikii muda wa saa nane, na ule mrefu wa Juni hupita saa kumi na sita. Mtu wa huko akihesabu tangu macheo, hesabu yake itayumba mwaka mzima. Basi kila watu walipima wakati kwa jua walilokuwa nalo.

Chombo kiitwacho saa kilipofika Pwani, uso wake ulikuwa umeandikwa kwa hesabu ianzayo usiku wa manane na adhuhuri. Watu walikipokea chombo, wala hawakuiacha hesabu yao. Mshale mfupi ukielekea 7, msemaji husema "saa moja". Ukielekea 2, husema "saa nane". Jicho husoma tarakimu moja, na ulimi hutaja ile iliyo ng'ambo ya pili ya duara. Tofauti ni sita daima, haizidi wala haipungui. Kwa hiyo hata mtoto huizoea upesi.

Wala isidhaniwe ya kuwa desturi hii ni ya vijijini tu. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2020, vituo vya kupigia kura vilifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Sanduku la kura na karatasi iliyopigwa chapa ni mambo ya serikali za kisasa. Saa zilizowaita watu kwenye sanduku hilo ni zile za kale.

Tukitazama majina ya siku za juma twaona ujirani mwingine wa namna hiyo. Jumamosi ni ya kwanza baada ya Ijumaa, na hesabu huendelea hata Jumatano, yaani ya tano. Kisha yaja Alhamisi, jina la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Basi juma letu lina siku mbili za tano zifuatanazo. Tena siku ya mapumziko ya ofisi na shule ni Jumapili, ambayo kwa jina ni ya pili. Hesabu tatu zimelala kitanda kimoja, wala hapana apotezaye siku.

Hata hivyo si kila cha kale kilichobaki. Zamani mabaharia na wakulima wa Pwani waliufuata mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Kwa miongo hiyo walijua wakati wa kaskazi na wa kusi, na wakati wa kupanda. Leo sikukuu yake ingali ikifanywa Makunduchi kila mwaka mwezi wa Julai, iitwayo Mwaka Kogwa, lakini ni wachache waijuao hesabu yenyewe. Neno lenyewe halikufa, bali limepewa kazi nyingine: sasa mwongo ni miaka kumi.

Hatari haimo katika hesabu ya kale wala katika ile mpya. Imo mpakani, pale tarakimu ivukapo toka moja kwenda nyingine pasipo kutangazwa. Msafiri akiona 8:00 katika tiketi yake na kuisoma "saa nane", atafika kituoni mchana na kukuta chombo kimeondoka saa sita kabla. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa kwa tarakimu hizo hizo aweza kuimeza wakati usiopasa. Makosa haya hayaponywi kwa kuifuta hesabu mojawapo, bali kwa kusema wazi ni ipi. Lugha imekwisha kutuonyesha njia. Usiku ulipoleta utata, watu walianza kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na shaka ikaondoka. Kadhalika aandikaye ratiba au cheti cha dawa yampasa aongeze "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku", na atumiapo tarakimu za kigeni aziandike pamoja na za Kiswahili: 08:00, yaani saa mbili asubuhi.

Basi jibu la swali letu ni hili: ya kale na mapya hukaa nyumba moja iwapo kila moja lina kazi yake, na mlango ulio kati yao una alama. Pasipo kazi, desturi hubaki sikukuu tu, kama Nairuzi. Na pasipo alama, wenye nyumba hujikwaa gizani.