Plastiki Ikiyeyuka Jikoni: Tuiunguze au Tuibandue?

Chujio la nazi limeachwa karibu mno na moto. Sufuria inapoepuliwa, ukingo wa chujio unalala juu ya chuma. Mara plastiki inalegea, inavutika nyuzi kama mlenda, na tone lake moja linaingia kwenye vitundu vya gesi. Wengi hapo huongeza moto ili iungue, iishe. Tusiseme bado kama wamekosea. Tuitazame kwanza plastiki yenyewe.

Vyombo vingi vya plastiki vya jikoni ni vya jamii inayolainika kwa joto na kuwa ngumu tena inapopoa. Polithini laini ya mifuko huyeyuka karibu na nyuzi 110 za Selsiasi, polithini ngumu ya madumu karibu na 130, na polipropilini, inayotengenezewa mabakuli na vifuniko vingi, karibu na 160. Ukigeuza chombo utaona chini yake alama ya pembetatu yenye tarakimu: 4 ni polithini laini, 2 ni ngumu, 5 ni polipropilini.

Mwali wa gesi unapita nyuzi 1,000. Kwa joto hilo plastiki haiishii kuyeyuka: molekuli zake ndefu hukatikakatika, zikawa mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Hewa isipotosha, moto hutoa masizi pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Plastiki ya PVC, yenye tarakimu 3, hutoa pia haidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Kisha juu ya chuma hubaki kaa jeusi lililogandamana, gumu kubandua kuliko plastiki yenyewe.

Baridi je? Plastiki husinyaa mara kadhaa zaidi kuliko chuma inapopoa, kwa hiyo mshiko wake hulegea. Polipropilini ina faida ya ziada: ikikaribia nyuzi 0 huwa kavu na kuvunjika kwa urahisi. Barafu iliyofungwa katika mfuko na kuwekwa juu yake kwa nusu saa hutosha mara nyingi, kisha ukingo wa mwiko wa mbao huibandua. Polithini haiko hivyo. Hata ikitoka kwenye friza hubaki inapindika, na anayengoja ivunjike atangoja sana.

Kwa polithini, joto la kiasi ndilo linalofaa, na hapa maji hutusaidia kwa sababu moja nzuri: maji yanayochemka katika sufuria ya wazi hayapiti nyuzi 100. Kitambaa kinene kilicholowekwa humo, kikishikwa kwa koleo na kulazwa juu ya plastiki, kitailainisha bila kuiunguza. Ikwangue taratibu ingali vuguvugu, urudie.

Wako wanaotumia asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Hiyo huyeyusha plastiki ya tarakimu 6, lakini polithini na polipropilini haiziyeyushi, na mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Petroli ni hatari zaidi. Vyote viwili visikaribie jiko.

Basi kuunguza ndiko njia mbaya kuliko zote: hutia sumu chumbani na kuacha uchafu mgumu zaidi. Plastiki ikiyeyuka, zima jiko, funga valvu ya mtungi, fungua madirisha, na uache chuma kipoe chenyewe. Usimwagie maji ya baridi, hasa jiko la kioo, kwani kioo cha moto hupasuka kinapopozwa ghafla. Tone likikudondokea mkononi, usilivute, kwa maana litatoka na ngozi. Weka mkono chini ya maji ya bomba kwa dakika 20, kisha nenda zahanati likiwa bado limeganda.

Limebaki lile tone lililoingia kwenye vitundu. Ng'oa kichwa cha jiko, yaani ile sehemu ya duara inayotoa moto, kishughulikie kama tulivyoeleza, kisha zibua kila kitundu kwa pini. Kikaushe, kiinue dirishani ukichungulie. Kitundu kisichopitisha mwanga hakitapitisha gesi sawasawa. Usiwashe jiko mpaka vyote vionyeshe mwanga, na kimoja kikikataa kabisa, nunua kichwa kipya.