Mkono Uliopooza Hauponi kwa Kuchuliwa

Kupooza upande mmoja baada ya kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka kichwani, sehemu ya ubongo imekufa, na misuli ya mkono, ambayo yenyewe haijaumia, inangoja amri isiyofika. Kwa hiyo swali linaloulizwa kila mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, yaani nani anachua vizuri na kwa mafuta gani, limepotoka tangu mwanzo.

Mafuta ya mbuni yana soko, na ya nyonyo hayako mbali. Hayapenyi ngozi yakapanda hadi kichwani kufufua seli zilizokufa. Sifa za mchuaji zina chanzo kingine: wagonjwa wengi hupata nafuu fulani katika miezi 3 ya mwanzo, wachuliwe wasichuliwe, kwa kuwa uvimbe wa ubongo hupungua na sehemu zilizosalia hushika kazi mpya. Anayeitwa wiki ya pili huvuna asichopanda, na hulipwa. Kuchua kwa upole huliwaza, hakuna ubishi. Lakini bega lililolegea likivutwa huumia kwa miezi, na kitambaa cha maji ya moto kwenye ngozi isiyohisi huunguza mgonjwa asijue. Baya zaidi ni muda unaopotea: mgonjwa amelala akifanyiwa, ilhali ubongo hujifunza anapofanya mwenyewe. Kushika kikombe mara hamsini, kuinuka kitini mara ishirini, kwa jasho na hasira: kazi hiyo ndiyo anayoipanga mtaalamu wa fiziotherapia, na anakereka akiitwa mkandaji.

Ubora wa wodi nao haupimwi kwa wingi wa dripu. Katika utafiti uliochapishwa 2011, uliohusisha wodi 19 za kiharusi nchini Australia, wauguzi wa baadhi ya wodi hizo walifundishwa kufuatilia mambo matatu tu: homa, sukari na uwezo wa kumeza. Siku 90 baadaye, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 katika wodi nyingine. Uji anaolazimishwa mgonjwa asiyeweza kumeza huishia mapafuni.

Yanayobaki ni mafupi. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, saa ikumbukwe na mgonjwa akimbizwe kwenye hospitali yenye CT-Scan. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida haitolewi baada ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Aspirini isitolewe nyumbani, maana bila CT-Scan hakuna anayejua kama mshipa umeziba au unavuja. Wodini apimwe kumeza kabla ya kijiko cha kwanza, ageuzwe kila saa 2, na fiziotherapia ianze siku za mwanzo. Nyumbani ni mazoezi kila siku, na dawa ya presha kila siku pia. Dawa hiyo haiachwi kwa sababu mgonjwa ameanza kutembea.