Jiko Moja, Mfuko Mmoja

Mara nyingi katika vikundi vyetu tunasikia mtu akisema, "Tazama Wahindi, wanakaa pamoja ndiyo maana wanaendelea." Basi tumeona ni vema tueleze kidogo jinsi jamaa hiyo kubwa inavyoishi kule kwao India, hasa vijiji vya kaskazini. Mazuri yamo. Mzigo nao umo, na mzigo huo una mwenyewe.

Katika boma moja utakuta mzee na mkewe, wana wao wa kiume na wake zao, wajukuu, na mabinti ambao hawajaolewa. Kinachowafanya kuwa nyumba moja ni jiko. Hata serikali inapohesabu watu, nyumba ni wale wanaoishi pamoja na kula kutoka jiko moja. Ndugu wakikosana, utajua siku jiko la pili litakapowashwa, hata kama bado wako chini ya paa lile lile.

Mazao ya shamba na mishahara huingia mfuko mmoja. Mkuu wa jamaa, ambaye sheria humwita karta, ndiye huamua juu ya mbegu, karo, harusi na madeni. Si kama mweka hazina wetu. Yeye kwa kawaida hasomei mtu hesabu. Lakini asiye na kazi anakula, mjane anakula, na yatima anasoma. Hilo si jambo dogo. Watoto nao hushinda na babu yao mzaa baba, ambaye kwa Kihindi (msicheke!) huitwa "dada".

Sasa tuingie jikoni. Funguo za ghala ziko kwa mama mkwe. Yule aliyeolewa juzi ndiye huamka wa kwanza: afagie, akame nyati, akande unga wa chapati. Mbele ya baba mkwe na shemeji wakubwa hufunika uso. Na shemeji mdogo anaweza kutaniana, kama huku kwetu. Katika nyumba nyingi wanaume na watoto hula kwanza, yeye mwisho. Chapati zikipungua, zinapungua kwake. Miaka ikipita na mwanawe akioa, funguo humfikia yeye.

Siku hizi nyumba ndogo zimekuwa nyingi kuliko hizi kubwa, kwa sababu vijana wanafuata kazi mijini. Lakini shamba la mababu bado linaleta maneno. Sheria ya urithi ya Wahindu ya 1956 iliacha mali ya pamoja mikononi mwa wanaume waliozaliwa katika jamaa. Mwaka 2005 ilibadilishwa, binti akapewa fungu sawa na kaka yake tangu kuzaliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba haidhuru hata kama baba alikufa kabla ya 2005.

Hata hivyo mabinti wengi hutia sahihi kuwaachia kaka zao fungu hilo. Wanaogopa kwamba wakilidai, siku ndoa ikivunjika hawatakuwa na mlango wa kurudia.