Ushauri Nasaha na Lugha ya Mteja: Mafunzo ya Mshauri katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi anavyojifunza mbinu za ushauri nasaha, na ugumu unaomkabili pale mbinu alizosomeshwa kwa Kiingereza zinapohitajika kwa Kiswahili. Mfano unaotumiwa ni wa Kericho na Bomet nchini Kenya. Hapa ni nyumbani kwa Wakipsigis, lakini mashamba makubwa ya chai yamewakusanya pia Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Mwanafunzi anayepelekwa mazoezini katika eneo hili, mara nyingi hana lugha nyingine ya kukutana na mteja wake isipokuwa Kiswahili. Hoja ya makala ni kwamba mbinu ya ushauri haiwezi kutenganishwa na maneno yanayoibeba.

Jina na kazi yake

Istilahi "ushauri nasaha" ilienea sana nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilipofunguliwa vituo vya ushauri na upimaji wa virusi vya UKIMWI kwa hiari. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na nasaha hutolewa na ajuaye kwa asiyejua. Desturi nazo zinaunga mkono maana hiyo. Pwani, kungwi humfunda mwari. Kwa Wakipsigis, motiriot huwafunza vijana wanaotahiriwa. Si ajabu basi kwamba mteja huja akitarajia kuambiwa la kufanya.

Darasani, hata hivyo, mwanafunzi hufundishwa kinyume cha hayo. Mwaka 1957, mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alieleza masharti ya mteja kubadilika. Miongoni mwake ni mshauri kuwa mkweli wa nafsi, kumkubali mteja bila masharti, na kuyaona mambo kwa jicho la mteja mwenyewe. Kutoa mawaidha hakumo. Kwa hiyo, somo la kwanza kwa mwanafunzi ni kuuzuia ulimi wake.

Je, jina lenyewe linapingana na kazi? Si lazima. Mnyambuliko wa kitenzi unatoa njia. Kutoka "shauri" tunapata "shauriana", yaani watu wawili kulitazama jambo pamoja. Mshauri mzuri ni yule anayeshauriana. Lakini shina hilohilo limezaa pia "shauri yako", kauli ya kumtupa mtu na tatizo lake. Mwanafunzi anayeogopa mno kutoa mawaidha anaweza kuangukia huko: akanyamaza tu, na mteja akaona ameachwa peke yake.

Mbinu na maneno

Mafunzo hufanywa aghalabu katika vikundi vya watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja mtazamaji. Hapo hujifunzwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au la, kurudia maneno ya mteja kwa namna nyingine, kuakisi hisia, kuvumilia ukimya na kutoa muhtasari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mchuma chai anasema, "Nina mawazo." Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atauliza, "Unawaza nini?" Swali hilo limekosea njia, kwa sababu katika Kiswahili cha kila siku "kuwa na mawazo" ni kulemewa, kukosa usingizi na kukata tamaa. Afadhali aseme, "Pole mama. Naona mzigo umekuwa mzito," kisha angoje. Huenda mama akaendelea, "Tangu mashine zije, sijui watoto watakula nini." Hofu hiyo ina msingi: Mei 2023 waandamanaji huko Kericho walichoma moto mashine za kuchumia chai, wakidai zinawanyima watu kazi. Kumjibu "usijali" au "vumilia" ni kuufunga mlango ambao yeye ameanza kuufungua.

Siri na mipaka yake

Mbinu hizi hazifai kitu pasipo siri. Katika nyumba za shamba zilizopangwa safu kwa safu, majirani hujua nani kamtembelea nani. Isitoshe, anayeogopwa anaweza kuwa ndiye anayegawa kazi. Mwaka 2023, wanawake zaidi ya 70 waliiambia BBC kwamba wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kenya, yakiwemo ya Kericho, waliwanyanyasa kingono. Mwanafunzi atakayekutana na jambo kama hilo hana budi kulipeleka kwa mshauri mzoefu anayemsimamia, wala asilibebe peke yake. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayosimamia mafunzo na usajili wa wanaofanya kazi hii. Aidha, Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Mteja anayekiri jaribio hilo anapaswa kusikilizwa kama mgonjwa, si mshtakiwa.

Hitimisho

Baada ya kikao, mwanafunzi huandika ripoti, na mara nyingi huiandika kwa Kiingereza. Hapo "nasikia uchungu moyoni" hugeuka jina la ugonjwa, na mama mchuma chai hapatikani tena katika karatasi inayomhusu. Inafaa maneno ya mteja yaandikwe kwanza jinsi alivyoyatamka, ndipo yafasiriwe. Idara za Kiswahili nazo zishirikiane na zile za saikolojia kukusanya msamiati wa hisia unaotumiwa na wasemaji wenyewe, badala ya kuunda istilahi ofisini. Kiswahili hakina upungufu hapa. Mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, na husikia uchungu. Kitenzi ni kimoja kwa sikio na kwa moyo. Mwanafunzi anayelielewa hilo amekwisha kupata nusu ya mafunzo yake.