Mji wa mwani: uchawi utumike wapi?

Mji wa kubuni unaojilisha wenyewe kwa mwani na uchawi unavutia sana kwenye karatasi. Mbunifu anayetaka uaminike aanzie sokoni, kwa sababu biashara ya mwani imeshaonyesha palipo na riziki na palipo na hasara.

Hasara ipo kwenye nishati, hasa mafuta ya magari. Mwaka 2009 ExxonMobil ilitangaza kwamba huenda ingetumia zaidi ya dola milioni 600 kutafuta mafuta ya mwani, pamoja na kampuni ya mwanajenetiki Craig Venter. Mwaka 2023 ikajitoa. Kule Hamburg, jengo la BIQ lililofunguliwa 2013 lina paneli 129 za vioo zinazokuza mwani ukutani na kukusanya joto. Ni kazi ya kupendeza, ila jengo lenyewe lina nyumba 15 tu.

Kwenye chakula hesabu inakubali. Spirulina, ambayo wanawake wa Kikanembu huivuna kando ya Ziwa Chad na kuikausha juani, ni protini kwa takriban asilimia 60 ya uzito wake mkavu. Bwawa la wazi likitoa gramu 10 kavu kwa mita ya mraba kwa siku, mtu anayehitaji gramu 50 za protini atatosheka na mita 8 na ushei. Wakazi 100,000 watahitaji hekta 80 na kitu, na wanga bado haujahesabiwa. Mbolea itoke kwenye maji taka ya mji, yenye naitrojeni na fosforasi ambayo mwani unaitaka.

Gharama inayouma ni mavuno. Lita moja ya maji ya bwawa aghalabu haina zaidi ya gramu moja ya spirulina. Mengine yote ni ya kuchuja na kukausha. Zanzibar, ambako mwani wa baharini ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, wakulima, wengi wao wanawake, huuanika juani, na msimu wa mvua huwatia hasara. Sehemu kubwa husafirishwa ikiwa kavu na ghafi, na faida ya kuisindika hubaki ng'ambo.

Basi mbunifu asimtume mchawi wake kuwasha taa. Ampeleke kwenye kichujio na kichanja cha kukaushia, amlipe ujira, na kiwanda cha kusindika kikae ndani ya kuta za mji.