Tembe ya Ugogo: nyumba inayobebwa na nguzo

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, ni nyumba ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo. Katika vijiji vya Ugogo kama Buigiri, mashariki ya Dodoma mjini, safu za vyumba zilijengwa kuzunguka ua, na ng'ombe walilala uani humo usiku. Vyumba vilifunguka kuelekea ndani, hivyo mali kubwa ya kaya ililindwa na nyumba yenyewe.

Anayeitazama kwa nje hudhani paa limekaa juu ya ukuta. Sivyo. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini kwa safu, boriti hulazwa kwenye panda hizo, fito hupangwa juu yake zikibanana, hufuata nyasi, na mwisho udongo uliokandwa na kushindiliwa. Ukuta wa fito na udongo huzibia tu nafasi kati ya nguzo. Mvua ikiumomonyoa, paa halitikisiki. Ukuta hukandikwa upya, basi. Upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, na kwa kuwa miti mirefu iliyonyooka ni adimu katika nyanda hizi kavu, chumba huwa chembamba na nyumba hukua kwa urefu. Mji Mkongwe wa Zanzibar una sharti hilohilo: boriti za mikoko huruhusu chumba cha upana wa mita tatu hivi, ila kule mzigo hubebwa na kuta nene za mawe na chokaa.

Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hali hiyo paa bapa linafaa kabisa: udongo mzito huzuia joto la mchana, upepo wa kiangazi hauna pa kulishika, na juu yake huanikwa mtama na uwele. Hatari ni nyufa. Maji yakipenya, udongo huzidi uzito na boriti huoza, kwa hiyo paa hukaguliwa na kusilibwa kabla ya msimu wa mvua.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walizikuta tembe Ugogo mwaka 1857. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali Chamwino, jirani na Buigiri. Nyumba za matofali na bati zikashika nafasi ya tembe.

Tembe mashuhuri iliyohifadhiwa iko nje ya Ugogo, huko Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mpelelezi Livingstone hadi Agosti 1872, Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, akiwa ameshaondoka Machi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaruhusu majengo ya namna hii kulindwa. Hata hivyo, kuilinda tembe ni kazi ya kila mwaka: tembe isiyo na wa kuisiliba huporomoka baada ya misimu michache, na fundi anayejua kushindilia paa anahitajika zaidi kuliko bango la makumbusho.