Maji ya mvua katika leseni za uchimbaji za Mbeya na Iringa

Maji ya mvua katika eneo la leseni ya uchimbaji ni maji yanayotiririka juu ya ardhi iliyochimbwa, pamoja na vijito vinavyoipitia, kabla ya kufika mtoni. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, hivyo makorongo mengi hukauka kabisa na kufurika ghafla.

== Maji yanakokwenda ==

Dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, kwanza katika mchanga wa mito. Mito hiyo huelekea Ziwa Rukwa, kama ulivyo Mto Songwe wa Rukwa (usichanganywe na Songwe wa mpakani mwa Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa). Ziwa Rukwa halina mto unaotoka: maji hupotea kwa mvuke tu, na tope au zebaki iliyofika humo haina njia ya kutoka. Makaa ya mawe ya Kiwira yako upande wa Ziwa Nyasa. Machimbo ya Nyakavangala, Iringa, yamo katika bonde la Rufiji, ambalo Ruaha Mkuu wake hujaza bwawa la Mtera.

== Kiasi cha maji ==

Leseni ndogo ya uchimbaji haizidi hekta 10. Mvua ya milimita 36 kwa saa ikinyesha juu ya eneo hilo lote, huleta mita ya ujazo 1 kila sekunde. Kama asilimia 60 haifyonzwi, mfereji wa chini lazima upitishe lita 600 kwa sekunde. Msituni kiasi kingekuwa kidogo zaidi. Kukata miti na kushindilia udongo ndiko hukiongeza.

Kwa hiyo mfereji wa kwanza huchimbwa juu ya mgodi, si chini yake, ili maji safi ya mlimani yazunguke machimbo bila kugusa maduara wala marudio. Maji yaliyokwisha kuchafuka hupelekwa kwenye bwawa la kutuliza tope. Hapo mchanga hutua upesi, lakini mfinyanzi huelea kwa siku nyingi, na bwawa dogo halisaidii kitu siku ya mvua kubwa. Miamba yenye salfaidi huongeza tatizo jingine: ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, ambayo huyeyusha metali, na maji yake yanaweza kuonekana safi kabisa.

== Sheria ==

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika Lupa sharti hili ni gumu, kwa kuwa dhahabu ya mchangani iko palepale kingoni. Kutumia maji ya mto na kumwaga majitaka humo huhitaji vibali vya bodi ya bonde husika: Rukwa (Mbeya), Nyasa (Tukuyu) au Rufiji (Iringa).